Lugha Iliyobaki Kinywani mwa Mama Safiya

"Mama halas," Zubairi aliniambia kwenye simu, nami nikaacha mahindi niliyokuwa napukuchua. Hicho ni Kiarabu chetu cha jikoni, kile ambacho dereva kutoka Multan na msichana wa kazi kutoka Bungoma walikitumia kuelewana, na ndani yake neno halas linabeba kila kilichokwisha: gesi imekwisha, safari imekwisha, mtu amekwisha. Hatukuwa tumeongea kwa miaka mitatu. Siku hizi yuko kwao, amestaafu, na nyuma ya sauti yake nilisikia wajukuu wakigombana. Habari alizipata kwa Hayati, binti wa Mama Safiya aliye Jeddah. Nikamuuliza mama alikufaje, akasema alikufa asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado cha moto. Nikamuuliza kama mwanawe, Baba Talal, alifika. Zubairi akasema, "Alikuja kuzika." Alipokata simu jirani yangu alinikuta nimekaa na gunzi mkononi, akauliza kuna nini. Nikamwambia nimefiwa. Akauliza na nani. Sikuwa ndugu yake yule mama wala hakuwa mwajiri wangu hasa, kwa hiyo nikajibu kilichokuwa kweli: nimefiwa na mama mmoja niliyetoa siri yake. Jirani alinitazama kama mtu aliyeambiwa fumbo, akarudi kwake. Halikuwa fumbo. Nitaeleza mambo ya mwaka ule mmoja jinsi yalivyokuwa, bila kujipamba.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nyumba ilikuwa kaskazini mwa Riyadh, ghorofa tatu nyuma ya ukuta mrefu wa rangi ya mchanga, na lango la chuma ambalo sikuwahi kulifungua mwenyewe. Jina langu ni Penina, lakini ulimi wa Madam Abiri, mke wa mwenye nyumba, haukuwa na herufi ile ya kwanza, hivyo tangu siku ya kwanza nikawa Benina. Chumba changu kilikuwa juu ya paa, kando ya chumba cha kufulia, na mchana bati la mlango lilikuwa na moto wa kuunguza kiganja. Mama Safiya, mamake mwenye nyumba, Talal, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Baba Talal, alikaa chini karibu na jiko. Chumba chake kilikuwa na zulia jekundu, kitanda kirefu, na dirisha lililotazama ukuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi kuliko watoto wake, mwenye vidole vinene na macho ya kuchekacheka. Nyumbani walisema ni Mturuki. Kila Alhamisi alinifanya nichome pilipili hoho juu ya moto wa gesi mpaka ganda liwe jeusi, nizimenye, nizitwange na kitunguu saumu na siki. Madam alipita akiziba pua na kusema, "Chakula cha Waturuki hicho, kinanuka mpaka sebuleni." Mama Safiya alinikonyeza. "Mpelekee kidogo," aliniambia, "ajue anachokilalamikia." Madam alikula sahani nzima akiwa amesimama mlangoni pa friji.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye kufua. Nyumba ilikuwa na mashine, lakini Mama Safiya hakutaka nguo zake ziguse mashine, alitaka zifuliwe kwa mkono. Siku moja nikaloweka vitambaa vya jikoni na gauni lake la ndani katika beseni moja. Kwetu sabuni ni sabuni. Sijui nani alimwambia, au kama alihisi tu, maana alipanda ngazi zote mpaka paani akijishika ukutani, akalitazama beseni, akalipindua kwa mguu. Maji yakanilowesha mpaka magotini.

"Kitambaa cha kufutia sahani na nguo ya kiunoni, pamoja? Kwenu mnakula na ng'ombe?"

"Kwetu ng'ombe ana nyumba yake, Mama."

Alinikazia macho, kisha akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Kesho yake alimtuma Zubairi anunue mabeseni matatu. Duka lilikuwa na ya buluu tu, kwa hiyo Mama Safiya akakata nyuzi za kufumia na kuzifunga kwenye masikio ya mabeseni nisije nikakosea: nyekundu kwa vitambaa vya jikoni, nyeupe kwa nguo za juu ya kiuno, nyeusi kwa nguo za chini. Alikaza fundo juu ya fundo, saba kwa kila uzi, akazikata ncha kwa meno. Alisema kwa mama yake mtu aliyechanganya maji hayo hakupewa chakula na mtu yeyote siku nzima. Alikuwa pia na sheria ya nywele. Zilizobaki kwenye kitana hazitupwi, maana ndege akizijengea kiota mwenye nywele ataumwa kichwa asipone. Zichomwe au zizikwe. Mimi sikuona ajabu. Hata bibi yangu Bungoma hakuacha nywele zake ovyo, ingawa yeye aliogopa watu, hakuogopa ndege. Tulizizika pamoja ndani ya chungu cha maua karibu na lango.

Siri yake niliipata kwa sababu ya simu. Nilikuwa paani nikiongea na dadangu kwa Kibukusu, nikicheka juu ya jambo ambalo sikumbuki tena, na nilipogeuka nikamkuta ameketi juu ya ndoo ananisikiliza. Nilidhani nimepatikana nikivivia kazi. Akaniambia niendelee, niongee tu. Nilipokata simu akauliza kama hiyo ni lugha ya mama yangu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Una mtu wa kuisema naye. Mimi yangu sijaisema na mtu tangu siku niliyoolewa." Kisha akanisimulia, polepole, kwa Kiarabu chepesi alichotumia kwangu. Alizaliwa nje ya mji wa Skopje, Makedonia, katika mtaa wa nyumba za udongo. Baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo stesheni. Walikuja Hija pamoja kwa basi, yeye akiwa na miaka kumi na saba, na joto likamuua baba yake Jeddah kabla ya kurudi. Familia moja ya wauza vitambaa ikamchukua, kisha ikamwoza kwa mtoto wao. Walipomuuliza kabila alisema Mturuki, kwa sababu Kituruki alikijua na hakuna aliyemwuliza zaidi. Kwa kweli alikuwa Mroma, si wa mji wa Roma, bali wa wale watu waliotoka Bara Hindi zamani wakatawanyika Ulaya, ambao Wazungu huwaita Gypsy. Lugha yao aliiita romani chib, ulimi wa Waroma. Alinitajia maneno mawili matatu siku ile, na kila alipotaja moja aliangalia ngazi.

Nikamuuliza kwa nini afiche. Nilijibiwa wiki ileile, wakati wa chakula cha mchana. Nilikuwa nikipakua wali, watoto wa Madam wakigombania ndimu, naye akapiga meza kwa kiganja: "Nyamazeni! Mnapiga kelele kama Ghajari!" Watoto wakacheka. Baba Talal akacheka. Nilimtazama Mama Safiya, naye alikuwa akitenganisha mfupa wa kuku na nyama kwa utaratibu, kama mtu asiyesikia. Baada ya chakula alinieleza kwamba Ghajari ndilo jina wanaloitwa watu wake kwa Kiarabu, na kwamba halitajwi ila kwa kutukana. Alichukua mkate uliokuwa kando ya kitanda, akauweka mkono wangu juu yake. Mjukuu wake mkubwa, binti wa Talal, alikuwa karibu kuposwa na ukoo wenye jina, na watu wale walikuwa wakiuliza asili ya kila mtu mpaka babu wa tano. "Talal akijua atakufa kwa aibu," alisema. "Apa." Nikaapa.

Wiki mbili baada ya Idi kiharusi kikampiga. Nilimkuta asubuhi sakafuni, upande wa kulia umelala, macho yakiwa wazi. Hospitalini alikaa siku tisa, na mimi nikalala kwenye kiti. Siku ya tatu, tukiwa wawili tu, alifungua mdomo na kusema, "Pani." Akashtuka kuliko mimi. Akasema tena, "Pani," akazungusha macho kama anatafuta neno jingine nyuma ya lile, halikuwepo, na mkono wake mzima ukapanda ukaziba mdomo. Nikamletea maji, maana hilo lilikuwa mojawapo ya maneno aliyonitajia paani. Akanywa huku machozi yanaingia kwenye glasi. Kiarabu alikuwa anakielewa chote. Ukimwambia inua mguu, aliinua. Lakini ulimi ulikuwa umekiacha, na Kituruki pia, ukabaki na kile kimoja alichokificha maisha yake yote. Baba Talal alipoingia, akambusu paji la uso na kumuuliza, "Mama, unanijua? Sema jina langu," mama yake aliuma midomo mpaka ikawa myeupe. Daktari akasema sauti imepotea. Naye akaacha iaminiwe hivyo.

Nimefikiri mara nyingi juu ya miezi ile minne. Mbele ya wanawe alikuwa bubu. Mlango ukifungwa na tukibaki wawili alizungumza kama bomba lililozibuka, na mimi niliyeishia darasa la nane nilijifunza kwa sababu ilibidi. Nilinunuliwa daftari la kuandika mahitaji ya jikoni, nikaandika maneno upande wa nyuma: pani maji, maro mkate, lon chumvi, nak pua, kan sikio, dukhal inauma. Alinipiga kofi dogo begani nilipokosea. Aliniita gaji, maana yake mwanamke asiye Mroma, kwa sauti ya kutania. Nilipoogopa hatua za ukumbini alisema "ma dara", usiogope, huku yeye mwenyewe ameacha kupumua. Nywele zake zilianza kutoka kwa wingi, na sasa hakuweza kufika kwenye chungu cha maua. Mimi sikuwa na ruhusa ya kukaa uani bila kazi, na kuzichoma jikoni kungeleta harufu. Nikazikusanya ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro langu, nikingoja nafasi. Nilidhani nimefanya jambo la uangalifu.

Nyumba ya jirani kulikuwa na Mueni, msichana wa Machakos, ambaye tuliongea naye juu ya ukuta wa paa tukianika. Nilimwambia habari ya nywele, si ya lugha. Akaacha kuanika.

"Peni, wewe ni mjinga ama unajifanya? Nywele za mdosi kwa chumba yako?"

"Ni yeye alitaka zisitupwe."

"Na nani atasema ni yeye? Si umesema hawezi kuongea?" Alishusha sauti. "Hapa uchawi si mchezo wa kwetu wa kuroga ng'ombe. Hapa unaenda mahakamani, na hurudi na kichwa. Choma hiyo kitu leo. Leo, si kesho."

Siku ile kulikuwa na wageni. Kesho yake Zubairi alitupeleka kwa daktari wa mazoezi ya mkono. Mama Safiya alichoka njiani, akajisahau, akasema nyuma ya gari, "Pani, gaji, pani." Nilimwona Zubairi akitutazama kwenye kioo. Tulipofika kwenye taa nyekundu akauliza bila kugeuka kama huyu mama ni Mpakistani. Nikasema hapana. Akagusa pua yake, "Nak?" Mama Safiya akamtazama kwa hofu. Akagusa sikio, "Kan?" Jibu lilikuwa usoni mwetu. Zubairi akasema, "Maneno ya bibi yangu haya." Taa ikawa kijani. "Mimi sikusikia kitu," akaongeza. "Na nyinyi hamkusema kitu." Tulifika nyumbani, na nywele zile zilikuwa bado chini ya godoro.

Madam Abiri alitukuta siku ya Jumatatu, baada ya sala ya alasiri. Alikuwa ameenda kwa mshonaji kwa ajili ya posa, na gari likarudi mapema. Nilikuwa nimemkalisha Mama Safiya kitandani nikimchana, naye alikuwa akisimulia jambo refu nililoelewa robo yake, jambo la mbuzi na mwanamke mnene, tunacheka wote wawili. Nikageuka. Madam alikuwa mlangoni na abaya yake bado mwilini. Sijui alisimama pale muda gani. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alimtazama mama mkwe wake aliyesemekana hana sauti, akanitazama mimi na kitana, akaondoka kimya. Nikasikia viatu vyake vikipanda ngazi, ghorofa ya kwanza, ya pili, mpaka paani. Mama Safiya akanishika kifundo cha mkono. Aliporudi Madam alikuwa amevaa glavu za kuoshea vyombo, na juu ya sinia la kahawa aliweka mfuko wa nywele, daftari langu, na nyuzi tatu alizozikata kwenye mabeseni, kila uzi na mafundo yake saba kamili.

Nilikuwa Mkristo, lakini nilikuwa nimekaa kwao vya kutosha kujua fundo ni nini. Katika Kurani kuna dua ya kujikinga na wachawi wapulizao mafundoni, na watoto wa nyumba ile waliisoma kila walipolala. Baba Talal alikuja kutoka kazini. Aliketi sebuleni, sinia mbele yake, hakuligusa. "Benina," alisema, "umemfanyia nini mama yangu?" Nikasema sikumfanyia kitu. "Alikuwa mzima ulipokuja. Ukaja, akapooza. Ukaja, akaingiwa na kitu kinachosema ndani yake. Hizi ni nini?" Nikasema ni nyuzi za mabeseni. Madam akacheka kicheko kikavu: "Nyuzi za mabeseni! Mafundo saba ya beseni!" Wakanichukulia simu. Walisema atakuja shehe wa kumsomea mama kesho adhuhuri, na baada yake watajua wamwite nani. Nikafungiwa chumbani kwangu. Asubuhi nilimsikia Mueni akipiga ukuta kwa kijiti, "Peni? Peni, uko?" na sikuthubutu kujibu. Niliketi sakafuni nikiwaza mambo mawili tu, mkono wangu juu ya mkate na shingo yangu. Nilijaribu kuomba. Maneno ya Mungu yalikuwa yakikatika kati.

Adhuhuri wakanishusha mpaka chumbani kwa Mama Safiya. Shehe alikuwa mzee mpole, mwenye miwani na soksi nyeupe. Hakunitazama kwa ubaya. Alimsomea Mama Safiya kwa sauti ya chini, na ajabu ni kwamba aya zile alizozikariri utotoni mama alizifuata pamoja naye, neno kwa neno, kwa Kiarabu safi, machozi yakimtiririka. Baba Talal alisimama: "Mama! Unaongea!" Shehe akafurahi, akamuuliza, "Mama, unaumwa wapi?" Mdomo ukafunguka kujibu, ikatoka ile lugha. Mkono ukapanda ukauziba. Shehe akasema yeye haoni dalili za jini, mwenye jini hasomi hivyo, lakini lugha hii haijui, akachukua daftari akaligeuza huku na huku. "Ni hirizi," alisema Madam. "Ameandika mwenyewe." Shehe akasema kama ni hirizi jambo hilo si lake tena, ni la polisi. Baba Talal akatoa simu mfukoni.

Ndipo Mama Safiya akanitazama. Alijua ninachotaka kufanya kabla sijafanya. Alitikisa kichwa, mara moja, kushoto na kulia, kwa shida, maana shingo nayo ilikuwa imekaza. Usiseme. Nilimwona vizuri. Sitadanganya kwamba sikumwona.

Nikasema, "Si uchawi. Ni lugha ya mama yake. Yeye si Mturuki." Baba Talal alikuwa ameshabonyeza namba. Nikatafuta jina la watu wake kwa Kiarabu, na sikuwa nalo ila moja, lile nililolisikia mezani nikipakua wali. Nikalisema. "Yeye ni Ghajari."

Madam akapiga ukelele. Baba Talal akanijia, nikafikiri ananipiga, nami nikapiga magoti nikisema mwiteni Zubairi, Zubairi anajua baadhi ya maneno, yanafanana na ya kwao. Zubairi aliitwa akasimama kizingitini amevua viatu, kofia mkononi. Angeweza kusema hajui. Alikuwa na watoto wanne Multan na ikama, kibali chake cha kuishi nchini, iliyobakiza miezi miwili. Baba Talal akasoma daftari langu kwa matamshi ya ajabu, "Pani?" Zubairi akatazama sakafu. "Maji, bosi." "Nak?" "Pua." "Kan?" "Sikio." Kisha akasema bila kuulizwa, "Ni maneno ya watu, bosi. Majini hawaombi maji." Baba Talal akamgeukia mama yake, akaketi chini kabisa mbele ya kiti chake, akamuuliza kwa sauti ya mtoto, "Mama, ni kweli?" Hata hapo angeweza kutikisa kichwa na mimi ningekwisha. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Akaitika kwa kichwa. Baba Talal akainuka akatoka nje peku, akaviacha viatu vyake mlangoni, na siku zote zilizobaki sikumwona akiingia tena kwenye chumba kile.

Watu huniuliza, wale wachache niliowaambia, kama ningerudishwa mbele ya shehe ningenyamaza. Ningesema. Ningesema hata mapema zaidi, kabla ya kulala usiku ule sakafuni. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilitaka kuishi. Ninachojuta ni lile neno, na hilo pia sikuwa na jingine.

Uamuzi ulitolewa na Madam jikoni, akiwa amenipa mgongo. Mama atapelekwa Jeddah kwa Hayati, kwa sababu wageni wa posa walikuwa wanakuja baada ya siku mbili na bibi asiyenyamaza hawezi kuonekana. Mimi nitarudishwa kwetu kwa ndege ya kutoka Jeddah, kafili, yaani mdhamini wangu, ameshasaini karatasi. "Na ukilitaja neno hilo kwa mtu yeyote," alisema, "yale ya kwenye sinia tunayo. Yamefungiwa kwenye kabati la chuma." Mpaka leo sijui kama kabati lile lilifunguliwa, na ninapoandika haya mkono wangu si mwepesi.

Tulisafiri alfajiri, Zubairi mbele, sisi nyuma. Barabara ya Riyadh hadi Jeddah ni jangwa na nguzo za umeme, saa kumi za kutazama kitu kilekile. Karatasi zangu zilikuwa kwenye mfuko wa shati la Zubairi, na kila kizuizi cha polisi nilidhani ndicho, kwamba safari ya ndege ni maneno tu ya kunifanya nipande gari. Mama Safiya alikaa ameelekea dirishani. Nilipompa maji hakuyapokea. Nikamwambia "pani", hakugeuka. Tuliposimama kituo cha mafuta Zubairi alifungua chupa nyingine akampa Mama, naye akainywa yote. Zubairi akanitazama, na mimi nikakumbuka kwamba kwao Mama Safiya aliyechanganya maji hakupewa chakula siku nzima, na kwamba adhabu yangu labda ilikuwa ya namna hiyo na labda ilikuwa kubwa kuliko hiyo.

Tulipita mtaa wa Sharafiya, Jeddah, mchana, kati ya maduka ya simu na mikahawa yenye harufu ya kitunguu, nikawaona wasichana wa kwetu wakitembea wawiliwawili na mifuko, nikawaonea wivu kwa kutembea kwao tu. Nyumba ya Hayati ilikuwa mtaa wa Rauda, nyeupe, yenye mmea wa maua ya waridi juu ya lango. Hayati alikuwa mjane mwenye mvi, mwalimu, na nduguye alikuwa amemwambia yote kwenye simu. Alitoka peku mpaka kwenye gari, akabusu mkono wa mama yake, ule uliopooza. "Sema na mimi, Mama," alisema. "Sema chochote, kwa chochote." Mama Safiya alitazama nyumba za majirani, madirisha yao. Akafunga mdomo. Tukamweka kwenye kiti cha magurudumu mbele ya mlango, lango likiwa wazi, na Zubairi akaniambia yalla, twende, ndege haingoji.

Sikuweza kuondoka hivyo. Lakini Mama Safiya hakuwa amenifundisha neno la kuomba msamaha. Tulikuwa na maneno ya mkate na ya maumivu na ya choo, hatukuwahi kukosana kiasi cha kulihitaji lile. Kiarabu sikutaka, maana kwa Kiarabu ndiyo nilimuumiza. Nikapiga magoti kwenye vigae vya moto nikamwomba msamaha kwa Kibukusu, kama ninavyomwomba mama yangu, nikataja kila nilichofanya, na lile neno, na kutikisa kichwa kwake nilikokuona. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza siku ile paani. Nilipomaliza alifungua mdomo, na mkono wake haukupanda. Alisema kwa sauti, kwa muda mrefu, kwa lugha yake, lango wazi na barabara inasikia. Mwanamke wa nyumba ya pili alitoka kibarazani. Mama Safiya alimwona na hakupunguza sauti. Niligundua neno moja hapa na moja kule, mama, hapana, mkono, na kati yake mito ya maneno ambayo sikuwahi kuyasikia. Uso wake ulikuwa mwekundu. Ingeweza kuwa baraka, ingeweza kuwa laana ya mababu wake wote.

Hayati alinishika mkono kwa nguvu. "Anasema nini? Benina, anasema nini?"

"Sijui, Madam."

"Wewe ndiye unayejua! Nisemee tu unavyodhani. Kisia."

Zubairi alikuwa ameshawasha gari. Nilimtazama Mama Safiya, bado anasema, na nikamwambia binti yake kwamba sitakisia. Nilikuwa nimeshamsemea mara moja.